Simama Wima, Usitikisike

Kila Jumamosi saa tatu asubuhi tunafanya mazoezi ya kwaya ya shule Katwe, katika chumba kimoja chenye paa la mabati. Watoto ni thelathini na kidogo. Jirani zetu ni mafundi wa vyuma, wanagonga mageti na sufuria tangu asubuhi mapema. Kwa miaka mingi neno langu la kwanza kwa watoto lilikuwa hilohilo: "Simameni wima, msitikisike." Nilikuwa nalisema bila kufikiri, kama sisi watu wa Bukavu tunavyosema "jambo" tukiingia mahali. Mikono chini, kidevu juu, macho kwa mwalimu. Mtoto akitingisha kichwa namwangalia. Akirudia namtoa mstari wa mbele.

Neno hilo sikulitunga mimi, nililikuta. Kwenye shule niliyosoma, mwalimu wa kwaya alikuwa anapita nyuma yetu na kifimbo chembamba. Hakupiga sana, alikuwa anagusa tu kisigino cha mtoto anayepiga mguu chini. Tuliimba sauti nne kwa solfa na tuliimba vizuri, sitadanganya. Lakini kwenye misa ndefu lazima mmoja wetu aanguke. Walisema ni njaa, wengine wakasema ni jua. Nilikuja kujua nikiwa mtu mzima kwamba magoti nayo yalikuwa na kesi ya kujibu: ukiyakaza kabisa na kusimama hivyo muda mrefu, damu inazembea miguuni, kichwa kinakosa, na wewe huyo chini.

Nataka kulikosoa neno lile. Nataka pia kukosoa jambo la pili ambalo linaonekana kama kinyume chake, kumbe ni ndugu yake wa tumbo moja: zile hatua za kucheza tunazowabandika watoto wiki ya mwisho, wageni wakikaribia. Nimefanya yote mawili, kwa hiyo msomaji anisome kama mtuhumiwa.

Nikisema kwaya itembee kwenye mazoezi, watu wanafikiria dansi. Ninachosema ni kitu kidogo zaidi, ni kifaa cha kazi kama nyundo ya huyo fundi jirani. Chukua wimbo unaoenda kwa mapigo sita. Nyimbo zetu nyingi ziko hivyo, unaweza kuzisikia kama mbili kubwa ama kama tatu, na utamu wote uko pale hizo mbili na hizo tatu zinapopishana. Ukimsimamisha mtoto wima ukamwelezea, ukaandika ubaoni, anaitika "ndiyo Ticha", halafu anakosea palepale alipokosea jana. Sasa mwambie atembee: miguu ihesabu mbili, mikono ipige tatu. Dakika tano za kwanza ni vurugu tupu, wanagongana, wanacheka, mmoja anajifanya amevunjika mguu. Baadaye wawili ama watatu wanashika. Wengine wanaacha kuniangalia mimi na kuanza kuwaangalia wenzao miguu, na hapo ndipo somo linapoanza kwenda bila mimi. Mwisho wa saa chumba kizima kinaenda pamoja, na mimi sijaeleza kitu.

Ama pumzi. Miaka mingi nilikuwa nawaambia wavute pumzi tumboni, na miaka mingi walikuwa wanainua mabega. Mtoto hajui tumbo linahusika vipi na kuimba. Lakini mtoto anayebeba jerikeni ya lita 20 kupanda kilima cha Nsambya anajua tumbo linafanya nini, hana haja ya kuchorewa. Siku hizi mwanzo wa sentensi ndefu wanainama, wanashika jerikeni ya kuwazia, wanainyanyua, na wanaishusha polepole mpaka neno la mwisho, isimwagike. Anayekata pumzi katikati ya neno ameangusha jerikeni, wenzake wanamwambia, "Maji hayo!" Mimi nanyamaza.

Noti ya juu nayo ilikuwa inanitesa. Sauti ya kwanza wote wananyoosha shingo kama kuku anayekunywa maji, na noti inatoka nyembamba, imekabwa. Dawa niliyoipata ni ya ajabu kidogo: noti ikipanda, wao wapinde magoti na kushuka, kama mtu anayekaa kwenye kigoda polepole. Mwili unashuka, sauti inapanda, shingo inasahau kwamba kulikuwa na kazi ya kufanya. Wakishaizoea noti, wanaiimba wamesimama na haikabwi tena. Hapo ndipo ninapotaka msomaji anielewe. Hatua ile haikuwa ya kuonyeshwa mtu. Ilifanya kazi yake ikaondoka, kama mbao zinazoshikilia zege mpaka likauke.

Mfano mmoja nitakaa nao zaidi, juu ya lugha yetu yenyewe. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno. Sasa nyimbo nyingi tulizorithi makanisani na mashuleni zina tyuni za Ulaya, zilizotungwa kwa maneno ya Kiingereza, Kijerumani ama Kifaransa. Maneno ya Kiswahili yaliingizwa baadaye, kama mtoto anayevalishwa koti la kaka yake. Kwa hiyo neno kama "mwokozi" mstari mmoja linakaa sawa, mkazo kwenye "ko", na mstari wa pili tyuni inaangukia kwa nguvu kwenye "mwo" ama, vibaya zaidi, kwenye "zi". Tumeimba hivyo tangu utotoni, masikio yamezoea, hatusikii kosa.

Siku moja niliwaambia watoto wasome beti moja bila tyuni, wakikanyaga chini kila neno linapokazwa. Wakasoma, ikawa safi, miguu thelathini pamoja. Halafu nikasema sasa imbeni, mkikanyaga pale wimbo unapokaza. Mstari wa tatu walisimama wenyewe. Mvulana mmoja akasema, "Ticha, hapa mguu unasema kitu kingine." Nimesoma makala ndefu za tafsiri ya nyimbo na sijaona uhakiki mfupi na sahihi kama huo. Tulikaa wiki mbili tunarekebisha: hapa noti moja igawanywe mara mbili, pale silabi ianze mapema kabla ya pigo. Wazee wawili wa kanisa walinilaumu kwamba nimeharibu wimbo. Watoto hawakulaumu.

Na watoto wa Kiganda tulio nao wananikosoa upande wao. Luganda ni lugha ya toni; sauti ikipanda mahali ilipopaswa kushuka, neno linaweza kuwa neno lingine. Nikiwafundisha wimbo wa Luganda wanacheka, nami najua nimesema kitu nisichokijua. Hapo miguu haisaidii, inabidi mkono: wanachora angani kwa kiganja jinsi neno linavyopanda na kushuka mtu akilisema sokoni, halafu tunaangalia kama tyuni inafuata mkono. Jambo hili lina historia yake. John Curwen, Mwingereza aliyeeneza solfa karne ya 19, alikuwa na ishara za mkono, kila noti na umbo lake. Solfa ilitufikia na wamisionari, herufi zote zimo, do re mi mpaka leo. Ile mikono mimi sikuwahi kuiona Bukavu. Niliiona mara ya kwanza nikiwa mtu mzima na mkimbizi, hapa Kampala, kwenye video ya simu.

Hilo linanipeleka kwenye semina. Wenzangu walimu wa kujitolea wanazijua: karatasi kubwa za ukutani, chai na samosa, nauli ya boda mwishoni. Kwenye semina moja mwezeshaji alituonyesha picha ya Émile Jaques-Dalcroze, akasema huyu ndiye aliyeleta mwendo wa mwili kwenye kufundisha muziki. Habari zake ni za kweli na zinafaa kujulikana. Alizaliwa Vienna mwaka 1865, akafundisha kwenye konsevatori ya Geneva. Aliona wanafunzi wake wanaandika hamoni kwenye karatasi bila kosa, lakini hawasikii walichokiandika na hawashiki mwendo. Akawatoa kwenye viti akawatembeza. Baadaye mbinu yake ilipata chuo Hellerau, karibu na Dresden, na mwaka 1915 chuo Geneva kwenyewe. Mwezeshaji alipotaja Geneva mara ya pili, mama mmoja aliyekaa karibu yangu akaninong'oneza, "Kumbe hata kutembea kunatoka Geneva?" UNHCR makao yake makuu yako huko, na hakuna kati yetu ambaye karatasi yake haikusubiri jibu la huko. Tulicheka mpaka tukaulizwa kuna nini.

Kicheko kile kilikuwa na haki, lakini nusu tu. Haki yake ni kwamba neno letu ngoma ni la chombo, ni la uchezaji, na ni la mkusanyiko mzima wenyewe. Lugha haikuona sababu ya kuvitenganisha. Kumwambia mtu wa lugha hiyo kwamba mguu na sikio vinajuana ni kumuuzia maji mtu wa ziwani.

Nusu ya pili ni hii. Tukishacheka tunapenda kusema, "Sisi Waafrika mdundo uko kwenye damu." Si kweli, na ni maneno mabaya kwa mtoto. Nina watoto kwenye kwaya wasioweza kutembea sawa na ngoma hata kidogo. Mmoja amekulia kwenye chumba kimoja cha kupanga tangu alipofika akiwa mchanga, mama anafanya biashara ya vitenge mpaka usiku, anafungiwa ndani na simu. Hajawahi kwenda harusi ya kijijini, hajabebwa mgongoni na bibi anayetwanga. Damu yake haina tatizo. Mdundo unafundishwa na watu, na watu wale wametawanyika. Ukimwambia uko kwenye damu na yeye hauoni, atajiuliza yeye ni nani. Kwa mtoto huyo mbinu ya yule mzee wa Geneva inafaa kabisa, kwa sababu haidai kwamba ulikuwa unajua. Na alifanya jambo moja ambalo ngoma haikuhitaji kulifanya: alitembea ili kusikia, hata kama jukwaani mwanafunzi atakaa kimya mbele ya piano. Kwenye ngoma, mazoezi na shughuli ni kitu kimoja. Shuleni si kitu kimoja, na kosa letu kubwa liko hapo katikati.

Tuangalie tulivyogawana kazi. Katika kanisa Katoliki la Kongo, Gloria inachezwa kuzunguka altare, na Roma iliidhinisha misa yetu hiyo mwaka 1988, baada ya kazi ndefu ya watu kama Kardinali Malula. Ni kitu cha kujivunia, na ndugu zangu mlio Nakivale ama Kyaka II mnajua parokia nyingi zinavyong'ang'ania kukihifadhi. Lakini nani anacheza? Watoto wa Kizito-Anuarite, na nguo zao nzuri. Nani anaimba? Kwaya, imesimama. Wanaocheza hawaimbi sana, wanaoimba hawachezi sana, na Jumamosi tunafanya mazoezi vyumba tofauti. Kitu kilichokuwa kimoja tumekikata vipande viwili ndani ya sherehe ileile ya kukiunganisha.

Mashindano ya shule za Uganda ya muziki, ngoma na maigizo yanafanya jambo la karibu na hilo. Nayapenda kuliko mpira, na asiyewahi kuona shule ya msingi ikicheza larakaraka ya Waacholi ama bakisimba ya Buganda aombe ruhusa kazini aende. Lakini kaa ukumbini siku nzima. Watoto wanaingia na wimbo wa kwaya wa mtindo wa Kizungu, mikono imebana, nyuso kama picha za pasipoti. Wanatoka. Wanarudi walewale na wimbo wa kienyeji, na ghafla wana mabega, wana viuno, wana macho. Mtoto anajifunza nini hapo? Kwamba muziki ulioandikwa, wa mtihani, unaimbwa na mtu asiye na mwili, na mwili ni wa mambo ya nyumbani. Hakuna aliyemwambia hivyo kwa mdomo. Amejifunza kwa kusimama.

Na mtu asiseme kwamba muziki wa sauti nyingi unataka utulivu ndiyo usikike. Sisi Wakongo tuna jibu tangu 1958: Missa Luba, iliyorekodiwa na watoto na walimu wa Kamina chini ya padri Mbelgiji Guido Haazen. Maneno ni ya Kilatini ya misa, muziki umejengwa juu ya namna za kuimba za watu wa Kongo, hasa Waluba, na sehemu kubwa waliitunga hapohapo wakiimba. Ukisikiliza rekodi ile unasikia watu wenye uzito, waliokanyaga chini. Baadaye iliandikwa kwa noti, na kwaya za Ulaya zinaiimba zikiwa na karatasi mkononi. Nimesikiliza kadhaa kwenye simu. Kila noti iko mahali pake, na wimbo umelala. Karatasi haikuweza kuandika goti.

Sasa nifike kwenye shtaka langu.

Kulikuwa na wageni wanakuja. Sitataja ni akina nani, walikuwa watu wema na walileta vitabu. Niliombwa kwaya iimbe nyimbo tatu, na nikaambiwa, kwa nia njema, watoto "wachangamke zaidi", wacheze kidogo, kwa ajili ya picha. Dunia imezoea. Tangu 1984, African Children's Choir ilipoanza na watoto wa hapa Uganda, na miaka ya 1990 Watoto ya Kampala ilipoanza kusafiri, mtoto wa Kiafrika anayeimba ni mtoto anayecheza na kutabasamu. Sina ugomvi na kwaya hizo, wana sauti na wana mafunzo ambayo mimi sina. Nasema tu kwamba picha yao imefika kila mahali kabla yetu, na mgeni anapoingia Katwe anaingia nayo.

Wimbo wa tatu ulikuwa wa kwetu, mfupi, wa upande wa Kivu, na watoto wote wa Kongo waliujua bila kufundishwa. Ni wimbo wa matanga. Nilijua. Nilijiambia wageni hawajui, na tyuni ni nzuri. Nikaubandika hatua: kulia mara mbili, kushoto mara mbili, mikono juu, tabasamu. Nikauongezea mwendo kidogo ili hatua zikae.

Siku yenyewe msichana mmoja wa darasa la tano, mstari wa mbele, hakutikisika. Nyimbo mbili za kwanza alicheza. Ya tatu aliimba mdomo ukifunguka kidogo tu, miguu imeganda. Picha zikapigwa naye katikati kama nguzo. Wageni walipotoka nilimgombeza mbele ya wenzake. Mimi, mtu wa "msitikisike", nilimgombeza mtoto kwa kutotikisika.

Hakurudi Jumamosi iliyofuata, wala iliyofuata. Nikaenda kwao, chumba cha nyuma karibu na Kibuye. Mama yake alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, yeye akakaa kwenye ndoo. Nikaanza maneno yangu ya nidhamu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, ule wimbo tuliuimba kwa baba yake. Pale hatukuruka hivyo." Nilikosa la kujibu. Msichana alikuwa mlangoni. Nilimuuliza yeye mwenyewe, kwa sababu kwa mama sikuwa na uso: basi uliimbwaje? Hakusema. Alionyesha, palepale mlangoni, hatua mbili tatu. Mguu mmoja unasogea, mwili wote unakaa juu yake, unasubiri. Halafu mguu mwingine. Kusubiri kule kulikuwa kurefu kuliko nilivyowahi kuhesabu kwenye wimbo ule.

Hapo nilielewa kitu ambacho semina haikunipa. Mtoto yule hakukataa kucheza. Alikataa kucheza kile nilichompa, juu alijua hatua ya kweli na mimi nilikuwa nimeweka uongo juu yake. Katika chumba kile chote, mimi mwenye solfa na yeye wa darasa la tano, mkosoaji wa muziki alikuwa yeye.

Alirudi baada ya wiki moja, na nilimuomba msamaha mbele ya walewale niliomgombeza mbele yao. Nikamuuliza kama anaweza kutuonyesha ile hatua. Alikubali. Tuliisukuma meza ukutani, tukatembea kwa duara, polepole, bila kuimba kwanza. Kisha tukaimba. Wimbo ule kwaya ilikuwa inaukimbiza siku zote. Nimepiga makofi, nimepiga meza, nimehesabu kwa sauti, hawakupungua. Kwa hatua yake haukuwezekana kukimbizwa, mwili haukuruhusu. Na katika ule muda wa kusubiri, besi wangu wanne, wavulana ambao sauti zimeanza kuvunjika na wanaona aibu, walisikika kwa mara ya kwanza, kwa sababu palikuwa na nafasi ya kusikika.

Si kila kitu kimekaa sawa. Mwenye nyumba amelalamika juu ya vishindo, tunavua viatu. Wazazi wawili wa makanisa ya uamsho hawataki watoto wao watikise kiuno, na nimekubaliana nao: hao wanafanya kwa mikono tu, na kazi inafika vilevile. Tuna mvulana wa magongo. Mwanzoni nilimwambia akae apumzike wengine wakitembea, nikiona ni huruma. Alikasirika. Sasa gongo lake ndilo pigo la kwanza, na likichelewa sote tunachelewa. Kuna mtoto mmoja ambaye kishindo kikubwa cha ghafla kinamfanya aende kwenye kona, kwa hiyo hatuanzi kamwe kwa kishindo, tunaanza kwa vidole kwenye kiganja. Na kuna anayependa kusimama tu. Namwacha. Nilichukua muda mrefu kujifunza kumwacha.

Kwa ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika na mnaosoma haya, nina ombi moja dogo. Mkija, msije siku ya maonyesho. Njooni Jumamosi saa tatu, vueni viatu, muingie kwenye duara. Mtaona kwaya inayokosea, inayogongana, na haitabasamu hasa. Msipige picha mpaka mmejua wimbo unasema nini. Na mkiandika ripoti, msiweke hatua zetu chini ya kichwa cha "burudani".

Mwezi wa kumi na mbili, shule zilipofunga, tuliimba mbele ya wazazi. Nyimbo tano, wamesimama, karibu wametulia, kwa sababu ukumbi ulikuwa mdogo na watu wamejaa mpaka madirishani. Mzee mmoja alinisifu kwamba mwishowe nimewafundisha nidhamu. Sikubishana naye. Nilikuwa naangalia visigino.

Wimbo wa matanga hatukuuimba. Msichana aliomba usiimbwe tena mbele ya watu, na kwaya ikapiga kura kwa mikono, ikapita. Tunauimba Jumamosi tu, mwisho wa mazoezi. Lakini wiki iliyopita mama yake alipita kumchukua, akatukuta kwenye duara, akasimama nje mpaka tumemaliza. Akaniambia kwao wimbo wa msiba hauimbwi kwenye nyumba isiyo na msiba, na sisi tunauimba kila wiki. Hakusema niache. Alisema, "Nilikuwa nataka tu ujue, Mwalimu." Bibi yangu mimi angesema vilevile. Msichana alikuwa anavaa viatu, anasikia yote, na hakuinua macho. Jumamosi hii nitawauliza wote wawili.